Jinsi ya Kuunda Binadamu Pepe wa Chuo Anayesaidia Masomo na Kuchunguza Dalili za Sonona: Mwongozo Kamili

Wanaojaribu kuunda msaidizi pepe wa wanafunzi, yaani mhusika wa kwenye skrini mwenye sura, sauti na jina, hukwama mahali pale pale. Kazi huanza na sura, kisha modeli kubwa ya lugha, yaani programu inayotunga maandishi yenyewe, huunganishwa ili ijibu kila kitu, na siku mwanafunzi anapoandika kwamba hataki tena kuishi ndipo inapogundulika kwamba hakuna aliyepangwa kumpokea. Mwongozo huu unafuata mpangilio ulio kinyume: unaanza na watu, na sura inakuja karibu na mwisho.

Mfano utakaotumika ni chuo cha uuguzi cha ngazi ya stashahada chenye wanafunzi 400, wote wenye umri wa miaka 18 au zaidi. Ikiwa wanafunzi wako ni wadogo kuliko hapo, hatua ya 3 itabadilika sana, kwa hiyo isome yote kabla ya kugusa kompyuta.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Mnasihi (mshauri wa kisaikolojia) mwenye sifa, pamoja na mwingine wa kupokezana naye zamu.
- Makubaliano ya maandishi na hospitali yenye kitengo cha afya ya akili kuhusu namna ya kumpokea mwanafunzi aliyepewa rufaa.
- Matoleo ya Kiswahili ya madodoso, yaani orodha za maswali, ya PHQ-9 (sonona, ugonjwa wa huzuni ya kupindukia) na GAD-7 (wasiwasi). Yote mawili hutumika bila malipo. Toleo la Kiswahili la PHQ-9 limekwisha kufanyiwa utafiti Tanzania, magharibi mwa Kenya na katika pwani ya Kenya, hivyo huna sababu ya kutafsiri upya.
- Notsi za somo moja tu, zilizopitiwa na mwalimu wa somo hilo.
- Seva ndogo yenye muunganisho uliosimbwa (HTTPS) na hifadhidata mbili zilizotengana.
- Maikrofoni ya kawaida, chumba kimya, msomaji mwenye matamshi mazuri, na programu mbili huria: Audacity ya kurekodia na Rhubarb Lip Sync ya kulinganisha midomo na sauti.
- Simu janja ya bei ya chini, ya aina ambayo wanafunzi wako wanaimudu. Majaribio yote yafanyike juu yake, si juu ya simu ya mkuu wa chuo.

Bajeti ya mchoraji wa umbo la pande tatu haimo katika orodha hii, na haikusahaulika.

## Hatua ya 1: Panga watu, kisha upige hesabu ya saa zao

Dodoso halitoi jina la ugonjwa. Linachuja tu, na kila chujio hupitisha wasiohusika pamoja na wanaohusika. Tuchukulie kwamba wanafunzi wote 400 wamejibu, kwamba 40 kati yao kweli wana sonona, na kwamba dodoso linapatia kwa asilimia 85 miongoni mwa walio nayo na kwa asilimia 85 miongoni mwa wasio nayo. Litawaonyesha 34 kati ya wale 40. Litawaonyesha pia 54 kati ya wale 360 ambao hawana sonona. Jumla ni wanafunzi 88 watakaohitaji kuonana na mtu.

Kikao cha kwanza cha dakika 45 kwa kila mmoja ni saa 66 za mnasihi. Mnasihi anayeweza kufanya vikao 3 kwa siku, kwa kuwa naye ana kazi nyingine, atahitaji takriban siku 30 za kazi, yaani wiki 6. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba majibu yake yanaonyesha anahitaji msaada, kisha akasubiri wiki 6, ameumizwa na mfumo uliokusudiwa kumsaidia.

Kwa sababu hiyo, usialike chuo kizima kwa siku moja. Alika darasa moja, maliza vikao vyake, ndipo ualike jingine.

Utajua hatua hii imekamilika utakapokuwa na ratiba ya zamu ya mwezi mzima yenye majina na namba za simu, na ukipiga namba ya zamu saa tano usiku wa Jumamosi bila kutoa taarifa mapema, mtu anapokea. Asipopokea mtu, usiendelee na hatua ya 2.

## Hatua ya 2: Tenganisha mlango wa masomo na mlango wa afya ya akili

Mhusika anaweza kuwa mmoja, mwenye jina na sauti ile ile, lakini ndani ya mfumo ziwepo sehemu mbili zisizoonana. Sehemu ya masomo inaweza kutumia modeli ya lugha. Sehemu ya afya ya akili ifuate maandishi yaliyopangwa tangu mwanzo hadi mwisho, bila modeli yoyote kutunga sentensi.

Sababu ya kwanza ni usalama. Mwaka 2023 shirika la NEDA la Marekani, linalohudumia watu wenye matatizo ya ulaji, lilimwondoa msaidizi pepe wake aliyeitwa Tessa baada ya kubainika kwamba alikuwa akiwapa watumiaji ushauri wa kupunguza uzito, yaani ushauri ule ule unaowadhuru watu wa aina hiyo. Programu inayotunga majibu yake yenyewe itakuja kusema jambo ambalo hakuna mnasihi aliyelipitisha, na hutajua ni siku gani.

Sababu ya pili ni imani ya wanafunzi. Mwanafunzi akishuku kwamba mwalimu anayesahihisha kazi zake anaweza kuona alivyojibu swali kuhusu usingizi au machozi, atajibu kwamba yuko salama katika kila swali, na utabaki na takwimu nzuri zisizo na maana.

Katika utekelezaji, weka hifadhidata mbili, nywila mbili na wasimamizi wawili tofauti. Mwalimu asiweze hata kuona kwamba mwanafunzi fulani aliwahi kufungua sehemu ya pili.

Jambo moja linaruhusiwa kuvuka. Mwanafunzi akiandika katika sehemu ya masomo maneno kama "siwezi tena" au "mimi sina maana", mhusika amwonyeshe mara moja kitufe cha kuzungumza na mnasihi pamoja na kitufe cha kuendelea na somo. Asianzishe dodoso kwa nguvu, wala asirudie kumwonyesha kila dakika.

## Hatua ya 3: Andika ridhaa ambayo mtu ataisoma hadi mwisho

Taarifa za afya ni taarifa nyeti kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022. Chuo kinachozikusanya kinapaswa kuwa kimesajiliwa na chombo husika: Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya, au Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nchini Tanzania. Nchini Kenya taarifa za mtoto hazichakatwi bila ridhaa ya mzazi au mlezi, na uvujaji wa taarifa unatakiwa kuripotiwa kwa Kamishna ndani ya saa 72. Mwulize mwanasheria wa chuo kabla, si baada.

Maneno ya ridhaa yenyewe yawe mafupi, yasomwe kwa sauti na mhusika, na yaonekane kwa maandishi. Mfano unaofaa ni huu:

"Naitwa Subira. Mimi ni programu ya kompyuta. Si mtu, wala si daktari. Nitakuuliza maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita. Majibu yako atayaona mnasihi wa chuo peke yake. Ukinijibu kwamba umewaza kufa au kujidhuru, mnasihi atapewa taarifa saa hiyo hiyo na atakupigia simu. Unaweza kuacha wakati wowote, na kuacha hakutagusa masomo yako."

Sentensi inayomtaja mnasihi ndiyo ambayo timu nyingi hutamani kuiondoa, na kishawishi hicho kina chanzo cha kueleweka. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California, waliotumia mhusika pepe aitwaye Ellie, watu walioambiwa kwamba mhusika anaendeshwa na kompyuta peke yake walikuwa na hofu ndogo ya kujieleza, na walionyesha huzuni yao wazi zaidi, kuliko walioambiwa kwamba kuna mtu anamwendesha. Basi mtu hufikiri: tumfiche mnasihi ili wafunguke. Usifanye hivyo. Mwanafunzi mmoja atakayepigiwa simu asiyoitarajia atawaambia wenzake wa bweni zima, na baada ya hapo hakuna atakayejibu ukweli.

Kwa wanaotaka kubaki bila kujulikana, weka njia ya pili isiyoomba jina wala namba ya simu. Njia hiyo itumie PHQ-8, ambayo ni PHQ-9 bila swali la mwisho, na imekwisha kutumika katika tafiti za vijana wa shule nchini Kenya. Mwishoni imwonyeshe mtu matokeo yake na namba za msaada.

Tahadhari. Wanafunzi wengi huazimana simu. Mfumo usitume ujumbe wowote wenye neno "sonona" au "matokeo" unaoweza kuonekana juu ya skrini iliyofungwa. Kila ukurasa uwe na kitufe cha Ondoka Haraka kinachofungua ukurasa wa kawaida wa notsi, na baada ya kukibofya, kitufe cha kurudi nyuma kisirudishe majibu.

## Hatua ya 4: Weka dodoso kama lilivyo

Hapa ndipo watu wenye nia njema huharibu zaidi. Wanaona maneno ya dodoso ni makavu, wanayapamba, wanaongeza mifano, wanageuza majibu manne kuwa vikaragosi vya kucheka na kulia. Viwango vya alama vilipatikana kwa maneno yale na majibu yale. Ukibadilisha maneno, umetengeneza dodoso jipya ambalo hakuna anayejua alama zake zina maana gani.

Kanuni za PHQ-9 ni hizi. Maswali ni 9, yote kuhusu wiki 2 zilizopita. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, kuanzia kutotokea kabisa hadi karibu kila siku. Jumla ni 0 hadi 27, na mipaka ya kawaida ya ukali ni 5, 10, 15 na 20. Alama 10 na zaidi ndizo hutumika sana kumwita mtu kwa mazungumzo ya kina. GAD-7 ina maswali 7 ya alama zile zile, jumla 0 hadi 21, na mipaka yake ni 5, 10 na 15.

Mambo manne ya utekelezaji yanahitaji uangalifu.

Kwanza, swali moja kwa kila skrini, kwa vitufe, bila kuandika. Mtu asilazimishwe kueleza kwa nini, ilhali hakutarajia kuulizwa.

Pili, swali la 8 ni refu na lina mambo mawili yanayokinzana: kuwa mzito mno katika kutembea na kusema, au kuwa na mahangaiko kiasi cha kutotulia. Msomaji wa sauti atue kwa muda kati ya pande hizo mbili. Anayesikiliza kwa haraka hukamata nusu ya kwanza tu na kujibu hiyo.

Tatu, maswali ya 3, 4 na 5 yanahusu usingizi, uchovu na hamu ya chakula. Mwanafunzi wa uuguzi aliyetoka kwenye zamu za usiku wodini, au aliyeugua malaria wiki iliyopita, atapata alama hapo bila kuwa na sonona. Usibadilishe dodoso kwa ajili yake. Mwonyeshe mnasihi alama za kila swali, si jumla peke yake, ili aone zimetoka wapi. Kwa sababu hiyo hiyo, usilifungue dodoso wakati wa mitihani.

Nne, na hili ndilo zito kuliko yote, swali la 9 linahusu kuwaza kwamba ni heri kufa au kujidhuru, na halipaswi kusubiri jumla. Mtazame mwanafunzi aliyejibu hivi kuanzia swali la 1 hadi la 9: 0, 0, 1, 1, 0, 0, 0, 0, 2. Jumla yake ni 4, na kwa jumla hiyo programu itamweka katika kundi la wasio na tatizo na kumtakia siku njema. Lakini ameeleza kwamba zaidi ya nusu ya siku za wiki 2 amewaza kufa au kujidhuru. Programu isome jibu la 9 peke yake, na jibu lolote lisilo 0 lifungue hatua ya 5 papo hapo.

Utajua umefaulu ukijaza madodoso ya majaribio yenye mchanganyiko huo na mengine ya jumla kubwa yenye 0 katika swali la 9, na kila moja likaenda mahali panapostahili bila hata moja kukosea.

## Hatua ya 5: Jenga njia ya dharura, uijaribu kabla ya kitu kingine chochote

Mwanafunzi anapojibu 1, 2 au 3 katika swali la 9, mambo yafuatayo yatokee kwa mpangilio huu.

Mhusika anamshukuru kwa kusema, bila mshangao na bila mahubiri. Haulizi kwa nini, wala hamwambii awaze wazazi wake. Anasema: "Asante kwa kuniambia. Jambo hili si la kubeba peke yako. Nampa mnasihi taarifa sasa hivi."

Kisha anauliza swali moja tu: je, uko mahali salama kwa sasa? Uchunguzi wa kina wa hatari ni kazi ya mnasihi. Programu isijifanye kuufanya.

Wakati huo huo, mtu wa zamu anapata simu inayolia, si barua pepe. Barua pepe husomwa Jumatatu. Asipothibitisha ndani ya dakika 10, simu inahamia kwa mtu wa pili, kisha kwa mlezi wa wanafunzi, ambaye huambiwa tu kwamba mwanafunzi fulani anahitaji kufikiwa, bila alama wala majibu. Kuwapo kwa mtu huyu wa tatu kutajwe pia katika maneno ya ridhaa.

Skrini ya mwanafunzi inabaki na namba za kupiga. Nchini Kenya, 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo. Kwa watoto, 116 inafanya kazi Kenya na Tanzania. Ongeza namba ya hospitali mliyokubaliana nayo: kwa walio Dar es Salaam huenda ni Muhimbili, kwa Dodoma Mirembe, kwa Unguja Kidongo Chekundu, kwa Nairobi Mathari. Piga kila namba mwenyewe kabla ya kuiweka.

Tahadhari ya kisheria. Usiunganishe njia hii na polisi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Nchini Kenya kifungu cha 226 kilikuwa na msimamo huo huo hadi Mahakama Kuu ilipotamka mwezi Januari 2025 kwamba kinakiuka Katiba. Mwanafunzi akihofia kwamba kusema ukweli kutamfikisha kituoni, hatasema, na mfumo wako utakuwa umemfundisha kunyamaza.

Ikiwa kwa kipindi kifupi hamna mtu wa zamu, zima PHQ-9 na uache PHQ-8. Hilo si suluhisho, kwa kuwa kutouliza hakuondoi hatari. Lakini kuuliza swali la 9 na kumwacha aliyejibu akiitazama skrini ni vibaya zaidi.

Katika visanduku vyote vya kuandikia, pamoja na vya masomo, weka pia orodha ya maneno ya kuashiria hatari, kwa namna watu wanavyosema hasa: "nimechoka na maisha", "bora nisingezaliwa", "natamani nilale nisiamke", "mkinikosa msinitafute". Wanafunzi wenyewe watakuongezea mengine ya mitaani kuliko mtaalamu yeyote. Orodha hiyo itakamata pia "njaa itaniua" na "huu mtihani utanimaliza". Ndiyo maana neno lililokamatwa lisipige simu moja kwa moja. Limwonyeshe mwanafunzi swali fupi la upole lenye kitufe cha kuomba mnasihi, na akibofya ndipo simu ilie.

## Hatua ya 6: Jenga upande wa masomo

Upande huu una hatari ndogo, nami nitaupitia kwa haraka kidogo. Anza na somo moja. Modeli ya lugha ipewe notsi zilizopitishwa na iamriwe kujibu kutoka humo tu, ikitaja ukurasa. Isipopata jibu, iseme kwamba notsi hazina na imwelekeze mwanafunzi kwa mwalimu. Kwa masomo ya afya sharti hili halina mjadala, kwa sababu dozi iliyobuniwa inaweza kumfikia mgonjwa wodini.

Jambo la pili ni kuizuia isitoe jibu mara moja. Andaa vidokezo vya ngazi tatu kwa kila aina ya swali. Mwanafunzi anauliza: dripu ya mililita 1,000 iishe ndani ya saa 8, na seti ina matone 20 kwa mililita, ni matone mangapi kwa dakika?

Kidokezo cha kwanza: badili saa kuwa dakika kwanza; umepata ngapi? Akijibu 480, anasonga. Kidokezo cha pili: tafuta jumla ya matone yaliyomo ndani ya dripu nzima. Akikwama hapo, kidokezo cha tatu kinamwonyesha swali jingine lililokwisha kufanywa: mililita 600 kwa saa 5, seti ya matone 15, ni 600 × 15 ÷ 300, sawa na matone 30 kwa dakika. Kisha anarudishwa kwenye swali lake, ambalo jibu lake ni takriban 42.

Hesabu zenyewe zifanywe na programu ya kawaida ya kukokotoa, si na modeli ya lugha, ambayo huandika namba isiyo sahihi kwa ufasaha ule ule inaoandikia iliyo sahihi.

Umefaulu ikiwa mwalimu wa somo, akipewa mazungumzo yaliyofanyika bila majina, anasema angeweza kuyatia saini.

## Hatua ya 7: Sasa weka sauti na sura

Kwa sehemu ya afya ya akili, rekodi sauti ya mtu. Ellie niliyemtaja alitumia sentensi zilizorekodiwa mapema, na sababu inaeleweka: maandishi yakiwa yamepangwa, hakuna haja ya mashine kusoma. Sauti za kompyuta za Kiswahili zipo na zimeboreka. Microsoft, kwa mfano, ina Zuri na Rafiki kwa Kiswahili cha Kenya, na Rehema na Daudi kwa cha Tanzania. Zitumie upande wa masomo, ambako majibu hayajulikani mapema. Katika swali kuhusu kutamani kufa, kituo cha sauti kikiwekwa mahali pasipostahili, mwanafunzi anasikia kwamba hakuna mtu aliyejali.

Sentensi 60 zenye wastani wa sekunde 6, zikihifadhiwa kwa muundo wa Opus wa kilobiti 24 kwa sekunde, ni takriban kilobaiti 18 kila moja, jumla megabaiti 1.1. Bando la kawaida linamudu.

Kwa midomo, hifadhi kila sentensi kama faili la WAV, kisha uendeshe amri hii:

rhubarb -r phonetic -f json -o salamu.json salamu.wav

Neno "phonetic" ndilo la muhimu. Ukiliacha, programu itasikiliza kwa masikio ya Kiingereza na midomo itakwenda kombo. Matokeo ni orodha ya nyakati na maumbo ya mdomo: sita ya msingi, na matatu ya ziada ukiyataka. Mchore mhusika mara moja, kisha mchore mdomo wake kwa maumbo hayo. Picha bapa ya namna hii hufunguka kwa haraka kwenye simu dhaifu, na haina ule ukaribu wa kutisha wa sura ya pande tatu inayokaribia kuwa mtu lakini ikakosea macho.

Umri wa sura si jambo dogo. Ukimchora mama mtu mzima mwenye miwani, mwanafunzi atamwamkia shikamoo moyoni na kuanza kumjibu kama anavyojibiwa mkubwa, yaani kwa adabu, kwamba mambo ni mazuri na Mungu anasaidia. Mchore kijana anayemzidi mwanafunzi miaka michache, anayeweza kuitwa dada au kaka. Asivae koti jeupe.

Vilevile, mhusika asalimie, kwa kuwa kuanza maswali bila salamu ni utovu wa adabu, lakini jibu la "habari za leo" lisihesabiwe popote. Atakayejibu "nzuri" ametimiza wajibu wa salamu. Hajasema lolote kuhusu hali yake.

## Hatua ya 8: Jaribu na watu, kwa ngazi

Ngazi ya kwanza ni timu yenyewe na mnasihi, wakijaribu kuuharibu mfumo: kukata intaneti katikati ya swali la 9, kufunga ukurasa, kuandika maneno ya hatari kwa makosa ya tahajia. Intaneti ikikatika baada ya jibu la 9, simu ya dharura iwe imekwishatoka. Tuma jibu hilo kwenye seva mara tu linapobofywa, usingoje mwisho wa dodoso.

Ngazi ya pili ni wanafunzi wachache wa kujitolea, mmoja mmoja, kila mmoja akisema kwa sauti anavyoelewa kila swali kabla ya kulijibu. Mweleze mapema kwamba hahitaji kutoa majibu yake ya kweli. Ukisikia swali likieleweka vibaya, usilibadilishe. Rekebisha usomaji, ukubwa wa maandishi au mpangilio wa skrini, kisha umsikilize mwingine.

Ngazi ya tatu ni darasa moja kwa mwezi mmoja. Katika kipindi hiki mnasihi awaite pia baadhi ya waliopata alama chini ya 10, kwa ridhaa yao, aone kama wapo waliopitwa. Chuo kisichofanya hivyo kitajua tu makosa ya upande mmoja.

## Hatua ya 9: Endesha, pima na ujue wakati wa kufunga

Vipimo vya kila mwezi viwe vichache: wangapi walianza dodoso na wangapi walimaliza, waliacha kwenye swali gani, muda kati ya jibu la 9 na simu ya mnasihi, muda kati ya alama 10 na kikao cha kwanza. Idadi ya waliomsifu mhusika haina kazi hapa.

Wengi wakiachia kwenye swali la 9, soma upya maneno ya ridhaa na uwaulize wanafunzi wanaogopa nini. Muda wa kusubiri kikao ukizidi wiki 2, simamisha mialiko hadi mnasihi apumue. Mwanafunzi yule yule asirudie dodoso kabla ya wiki 2 kupita, kwa kuwa maswali yenyewe yanauliza kuhusu wiki 2.

Weka tarehe ya kufuta majibu, uitaje katika ridhaa na uiheshimu. Anayehitimu asiache nyuma faili litakalomfuata kazini.

Mnasihi akienda likizo bila mbadala, au chuo kikifungwa na wanafunzi wakarudi makwao, sehemu ya afya ya akili ifungwe yote. Mahali pake ubaki ukurasa mmoja wenye namba za msaada, jina la hospitali na tarehe ambayo mnasihi atarudi. Sehemu ya masomo inaweza kuendelea, isipokuwa kile kitufe cha kuomba mnasihi kielekezwe kwenye ukurasa huo.